Maungio ya Fimbo ya Pool Yakilegea: Namna ya Kutengeneza Bila Kuipinda

Maswali mnayouliza kuhusu fimbo za pool yana sura nyingi na mzizi mmoja. Kuna anayesema fimbo yake inalia "tik" katikati kila anapopiga. Kuna anayeikaza kabla ya mchezo, akishaingiza mipira mitatu anaikuta imelegea. Kuna aliyenunua ya mtumba, akaiviringisha mezani na kuona ncha inaruka. Kisha wote wanamalizia kwa kuuliza: nitumie gundi gani?

Gundi tutaifikia. Ila fimbo nyingi zinazokufa kabisa haziuawi na gundi mbaya, zinauawa na mkono uliorudisha skrubu ikiwa imeegama. Hesabu yake ni hii: uso wa maungio una upana wa kama milimita 21, na kipande cha mbele cha fimbo ya kawaida kina urefu wa karibu milimita 740. Ukibanwa uchafu wenye unene wa karatasi ya daftari, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita, upande mmoja tu wa maungio, ncha inahama zaidi ya milimita 3. Hilo haliondolewi na gundi yoyote. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinatafuta kwanza unyoofu. Nguvu inakuja baadaye, na kwa kweli haihitajiki nyingi.

## Kilichomo ndani

Fimbo ya vipande viwili ina mpini nyuma na kipande chembamba mbele. Kwenye mpini imechomoza skrubu. Kwenye kipande cha mbele kuna tundu lenye sredi, ama zimechongwa kwenye mbao yenyewe, ama zimo kwenye bushi ya shaba iliyogandishwa ndani. Kila upande umezungukwa na pete ya plastiki au chuma inayozuia mbao isipasuke. Fimbo ikikazwa, nyuso mbili zinakutana mzunguko mzima. Skrubu inavuta tu. Kazi ya kuinyoosha fimbo inafanywa na zile nyuso.

## Pima kabla hujagusa chochote

Usifungue bomba la gundi kabla ya kufanya haya, kwa mpangilio huu:

1. Viringisha kila kipande peke yake juu ya meza ya pool au kioo kinene. Kwa kuwa vipande ni vyembamba upande mmoja, vitakwenda kwa kuzunguka. Hiyo ni kawaida. Unachotazama ni kuruka: je, mwanga chini ya fimbo unafunguka na kufunga?
2. Unganisha, viringisha tena. Kama kila kipande kilikuwa kimetulia na sasa fimbo nzima inaruka, ugonjwa uko kwenye maungio. Kama kipande kimoja kilikuwa kinaruka peke yake, mbao yenyewe imepinda, na makala haya hayatakusaidia.
3. Shika skrubu kwa kitambaa, itikise. Ikicheza hata kidogo, gundi imeachia.
4. Kaza kwa mkono, kisha inua fimbo mbele ya taa. Mwanga ukipenya upande mmoja wa maungio, kuna uchafu, pete imesogea, au skrubu imepinda.
5. Fuata sauti. Hapa wengi wanadanganyika. Mlio wa "tik" unaweza kutoka kwenye ngozi ya nchani iliyobanduka, au kwenye bolti ya uzito iliyofichwa ndani ya mpini, nyuma ya kile kipira cha kitakoni. Toa kipira, ingiza bisibisi ndefu au ufunguo wa pembe sita, kaza ile bolti, halafu jaribu tena. Kabla ya kulaumu maungio, wasafishe hawa wawili kwanza na tuhuma.

## Kama ni uchafu tu

Chaki, jasho na vumbi la kitambaa hujaa kwenye sredi na kuzifanya nyuso zisikutane. Sugua skrubu kwa mswaki wa zamani uliolowa spiriti kidogo, zungusha pamba ndani ya tundu, acha ikauke. Mwisho paka nta ya mshumaa, kidogo sana, kwenye sredi.

Usitie mafuta ya cherehani wala grisi. Mafuta hupenya kwenye mbao, na siku ukihitaji gundi haitashika.

## Skrubu imelegea kwenye mpini

Huu ndio ugonjwa wenyewe, na unatibika nyumbani ukiwa na subira ya siku nzima. Andaa:

- gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua saa nyingi kukauka
- nati mbili zinazoingia kwenye skrubu yako, na spana mbili
- chuma cha kuyeyushia risasi, kama cha fundi redio
- spiriti, pamba, nta ya mshumaa, tupa ndogo
- glavu, na sehemu yenye hewa

Kuitoa. Kama inazunguka kwa vidole, itoe tu. Kama imelegea lakini haitoki, funga nati mbili kwenye skrubu, zikaze zenyewe kwa zenyewe, kisha zungusha ile ya chini kwa spana kinyume cha saa. Skrubu itafuata. Ikigoma, gusisha chuma cha moto kwenye kichwa cha skrubu, ngoja joto lishuke ndani, jaribu tena. Epoksi nyingi hulainika kabla mbao haijaanza kuungua. Usitumie kiberiti, mshumaa wala jiko la gesi: moto wa wazi hubabua rangi na kuipasua pete kabla joto halijafika kwenye gundi. Koleo nalo liweke mbali. Likiuma sredi mara moja, umejitafutia kazi ya pili.

Kusafisha. Kwangua gundi ya zamani kwenye skrubu na ndani ya tundu kwa kitu chembamba, taratibu. Usiingize keekee "kupanua kidogo". Tundu likishahama kutoka katikati, halirudi kwa mkono. Futa vyote kwa spiriti na uache vikauke.

Mfereji wa hewa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Tundu lina mwisho. Ukisukuma skrubu ndani na gundi imejaa chini, gundi na hewa hazina pa kutokea. Ama skrubu itagoma kufika mwisho, ama shinikizo litapasua mbao. Kwa tupa, chora mfereji mwembamba kwa urefu kwenye ile sehemu ya skrubu inayozama ndani ya mpini. Gundi iliyozidi itapanda kupitia hapo.

Nta kabla ya gundi. Paka nta kwenye sredi zinazochomoza nje, kwenye nyuso zote mbili na kwenye mdomo wa tundu la mbele. Epoksi haishiki nta. Ukisahau, utaamka na fimbo ya kipande kimoja.

Kugandisha. Changanya kiasi kidogo kwa uwiano ulioandikwa kwenye pakiti. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa gundi hukimbia kukauka, na ikirundikwa kwa wingi kwenye kifuniko hujichemsha yenyewe na kukauka haraka zaidi, itandaze. Paka ukuta wa tundu na sehemu ya skrubu inayozama. Zungusha skrubu mpaka mwisho, futa iliyopanda kwa pamba yenye spiriti.

Kunyoosha wakati gundi bado mbichi. Funga kipande cha mbele kwa mkono mpaka nyuso zikutane. Viringisha fimbo nzima mezani. Ikiruka, bonyeza taratibu pale maungioni, geuza, viringisha tena, mpaka itulie. Halafu isimamishe wima kwenye kona, usiiegemeze kwa mlalo mrefu, na uiache saa 24. Usiijaribu jioni ile ile hata kama inaonekana ngumu.

Siku ya pili fungua maungio. Yakigoma, ni epoksi kidogo iliyovuka nta. Zungusha kwa mikono miwili bila kupindisha. Futa nta kwenye nyuso, viringisha mara ya mwisho.

## Bushi inazunguka kwenye kipande cha mbele

Dalili yake: unakaza, unakaza, haifiki mwisho, au unafungua na bushi inatoka nayo ikiwa imeng'ang'ania skrubu. Mara nyingi mwenye fimbo alikuwa anakaza kwa nguvu mno, kila mchezo bushi ikivutwa kidogo.

Namna ya kuirudisha ni ile ile, pamoja na tahadhari tatu za ziada. Ya kwanza: mbao ya mbele ni nyembamba, kwa hiyo gundi iwe kidogo, na mfereji uchorwe nje ya bushi. Ya pili: ziba tundu la bushi upande wa chini kwa nta, gundi isipande ndani na kuua sredi. Ya tatu: bushi isichomoze juu ya uso wa mbao hata kwa unene wa kucha. Ikichomoza, shaba itagusana na upande wa pili kabla ya mbao, na fimbo itaegama.

Kama ukuta wa tundu umeliwa na bushi inaelea, acha. Hapo inatakiwa mashine ya kukereza: tundu litobolewe upya, lizibwe kwa mbao ngumu kavu, kisha litobolewe tena katikati. Fundi akikupendekezea mpingo kwa kuziba, ni mgumu kweli, lakini una mafuta ya asili. Aufute kwa spiriti kabla ya gundi.

## Sredi zimeliwa, na mtego wa bolti ya milimita 8

Hapa wamepotea wengi, kwa hiyo someni taratibu.

Skrubu za fimbo nyingi zina kipimo cha inchi, na aina zilizozoeleka ni tatu:

- 5/16 yenye sredi 18 kwa inchi. Unene milimita 7.94. Ni kipimo cha kawaida cha bolti za Kimarekani.
- 5/16 yenye sredi 14 kwa inchi. Unene ule ule, sredi zimeachana zaidi. Duka la vifaa vya ujenzi halitakuwa nayo.
- 3/8 yenye sredi 10 kwa inchi. Unene milimita 9.5, sredi kubwa zinazokwenda moja kwa moja kwenye mbao.

Zipo nyingine, zikiwemo za kufunga haraka ambazo hukaza kwa mizunguko michache tu.

Sasa nenda dukani uombe "bolti inayofanana na hii". Utapewa ya milimita 8. Kwa macho ni pacha wa 5/16. Ukiijaribu, mizunguko miwili ya kwanza inaingia vizuri, kisha inakaza. Mwenye haraka anadhani ni uchafu, anaongeza nguvu, na bushi nzima inakatika sredi. Sababu ni kwamba bolti ya milimita 8 hupanda milimita 1.25 kwa mzunguko, wakati 5/16 yenye sredi 18 hupanda 1.41. Tofauti hiyo inajilimbikiza mpaka chuma kinakula chuma.

Kanuni: skrubu mpya iingie mpaka mwisho kwa vidole viwili. Ikidai spana, siyo yake. Pima pia kwa kuilaza ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu mbele ya taa. Sredi zikiingiliana kwa urefu wote bila mwanga kupita, zinafanana.

Skrubu iliyopinda usiigonge nyundo. Itaonekana imenyooka, lakini jicho halioni sehemu moja ya kumi ya milimita. Badilisha.

## Mbao imepasuka karibu na pete

Ufa mwembamba unaofuata urefu wa mbao unatibika. Ufungue kidogo kwa kupindisha fimbo polepole, tia gundi nyeupe ya mbao kwa wembe au sindano, achia, kisha futa iliyotoka. Sasa funga kwa mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, ukiuvuta na kuuzungusha kwa kubana. Mafundi seremala wa kwetu wanautumia tangu zamani, na kwa umbo la mviringo sioni kibanio cha dukani kinachoushinda. Acha mpaka kesho yake. Kuwa na skrubu ndani wakati wa kufunga ni hatari kama tundu lina gundi, kwa hiyo ingiza kipande cha mshumaa kilichochongwa kitoshee. Kinazuia tundu lisibonyee na hakishiki.

Ufa unaokata mbao kwa upana ni habari nyingine. Hapo fimbo imevunjika, hata kama haijaachana.

## Mnachofanya ambacho naomba muache

- Kujaza tundu kwa njiti ya kiberiti, karatasi au uzi. Vyote hukaa upande mmoja na kusukuma skrubu upande wa pili.
- Tepu nyeupe ya mabomba kwenye sredi. Kama mechi ni leo usiku na skrubu inalegea, izungushe mara moja ucheze. Kesho itoe. Siyo matengenezo.
- Supaglu kila mahali. Hukauka kabla hujanyoosha, na ni kavu mno kwa kitu kinachopigwa siku nzima. Nafasi yake ni kwenye ufa mwembamba kama unywele au pete ya plastiki iliyochubuka.
- Kusugua nyuso za maungio kwa msasa. Mkono hubonyeza kingo kuliko katikati, uso unakuwa mviringo, na fimbo inayumba kwa pande zote.
- Kuacha fimbo kwenye buti la gari juani. Gundi inalainika, mbao inakauka, na jioni ukiitoa kwenye hewa ya pwani yenye unyevu inavimba upya. Pete haivimbi nayo, ndipo inapopasuka au kulegea.

## Maswali yenu, kwa kifupi

*Fundi wa kuchomelea amesema anaweza kunichomelea bolti. Nikubali?* Hapana. Joto la kuchomelea litaunguza mbao na kila gundi iliyomo.

*Nikikaza kwa nguvu sana inatulia. Kuna ubaya?* Inatulia leo huku unang'oa bushi. Kaza mpaka nyuso zigusane, ongeza msukumo mdogo wa kiganja, basi.

*Fimbo yangu ni ya kaboni. Njia ni hizi hizi?* Upande wa mpini wa mbao, ndiyo. Kipande cha kaboni chenyewe usikikereze wala kukipiga msasa nyumbani. Vumbi lake linawasha na si la kuvutwa.

*Nina baa, fimbo za wateja zinalegea kila wiki.* Kwako nina ushauri ambao mchezaji hataupenda: ziunganishe moja kwa moja. Fimbo isiyotoka mlangoni haihitaji kufunguliwa. Safisha kwa spiriti bila nta, paka epoksi kwenye sredi na nyuso, kaza, viringisha mpaka itulie, acha saa 24. Umemaliza na maungio yake.

*Si bora ninunue mpya?* Kama kilicholegea ni skrubu au bushi, mirija miwili ya epoksi ni nafuu kuliko fimbo yoyote. Kama inahitaji kukerezwa, uliza bei ya fundi kwanza. Fimbo ya bei ya chini yenye pete zilizopasuka pande zote mbili, mimi ningeiacha.

## Ukienda kwa mkerezaji

Mafundi wa mashine za kukereza wengi hufanya kazi za chuma: shafti, bushi za magari, pini. Fimbo ya pool siyo kazi yao ya kila siku, kwa hiyo mpe maelezo kamili.

- Peleka vipande vyote viwili, na skrubu ya zamani hata kama imekatika.
- Mwombe aishike fimbo kwa kuizungushia ngozi au mpira, meno ya mashine yasiache alama.
- Mwambie uso wa maungio ukatwe kwa mashine, usipigwe msasa, na ukatwe kidogo kabisa.
- Mwombe apime katikati kwa mbao yenyewe. Pete ya zamani inaweza kuwa imekaa upande.
- Kabla hujalipa, iunganishe na uiviringishe juu ya kitanda cha mashine yake, mbele yake.

Ukikuta fundi anayesema mpini unamtosha na kipande cha mbele ukiache nyumbani, mshukuru na utafute mwingine.